Mchoro wa kalamu kuwa vekta: majibu kwa wasomaji

Barua za safari hii zimetoka miji tofauti na kwa watu wa kazi tofauti, lakini karibu zote zinakilalamikia kitufe kimoja, kile cha kutresi, yaani kuigeuza picha ya vitone (pikseli) kuwa vekta, mistari ya hesabu isiyopoteza ukali ikikuzwa. Mchoro unapendeza karatasini. Ukishaskaniwa na kutresiwa unatoka umevimba, umekatikakatika au umejaa vinyweleo. Kitufe hicho kinasingiziwa. Programu hufuata ilichopewa, na mara nyingi mstari huwa umeshapotea kwenye skana au wakati wa kusafisha picha. Ndiyo maana majibu mengi hapa chini yanaanza mbali kidogo na kitufe chenyewe.

Shikamooni wataalamu. Nimechora jahazi kwa kalamu ya wino ya mm 0.2 kwenye karatasi ya A4, lina kamba nyingi, tanga na mawimbi. Niliskani kwa dpi 300, nikahifadhi JPEG, nikatresi kwa programu ya Inkscape. Kamba zimekatika na mistari ya kivuli chini ya ubavu imekuwa doa jeusi. Nikipandisha kiwango cha weusi, kamba zinarudi lakini doa linakua. Nikishusha, kivuli kinafunguka lakini kamba zinatoweka. Nifanyeje? (Mwanafunzi, Tanga)

Marahaba. Tuanze na hesabu. Dpi ni idadi ya pikseli kwa kila inchi, na inchi moja ni mm 25.4, kwa hiyo kwa dpi 300 pikseli moja ina upana wa mm 0.085. Kamba yako ya mm 0.2 inapata pikseli mbili na kidogo. Sasa angalia ile nafasi nyeupe iliyo kati ya mistari ya kivuli: ikiwa ni mm 0.15, haipati hata pikseli mbili kamili. Watu wengi hupima unene wa wino wakaisahau nyeupe, ilhali kivuli cha mistari kinaishi kwa nyeupe. Kipimo tunachokishauri ni hiki: kitu chembamba kuliko vyote kwenye mchoro, kiwe cheusi au cheupe, kipate pikseli 4 au karibu na hapo.

Kwa kalamu yako hiyo ni dpi 600. Mstari unapata pikseli 4.7, nafasi nyeupe inapata 3.5. A4 nzima itakuwa na pikseli 4960 kwa 7016, faili la takriban MB 35 kwa rangi ya kijivu kabla ya kubanwa. Dpi 1200 italeta MB 139, nayo inahitajika tu pale mistari au nafasi zinaposhuka hadi mm 0.1. Na usidanganywe na namba kubwa ya dpi iliyoandikwa kwenye boksi la skana. Tumia ile ya lenzi yenyewe ("optical"). Inayozidi hapo ni pikseli za kubuniwa na programu.

Skani kwa kijivu cha biti 8 (ngazi 256 za kijivu), usichague nyeusi na nyeupe. Pikseli ya ukingoni ambayo wino umeifunika nusu hutoka kijivu cha kati, na kijivu hicho ndicho kinachoonyesha ukingo umepita wapi hasa. Skana ikilazimishwa kuchagua nyeusi au nyeupe, habari hiyo inatupwa, na ukingo unabaki ngazi ngazi. Hifadhi TIFF au PNG. JPEG hubana picha kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kuacha mawimbi membamba kando ya kila mstari. Ukitresi, mawimbi hayo ndiyo vile vinyweleo. Zima pia kipengele cha kunoa picha kwenye skana, kwa sababu huchora ukungu mweupe kuzunguka wino na kula mistari iliyo jirani. Karatasi ikiwa nyepesi au ina maandishi nyuma, weka karatasi nyeusi mgongoni mwake. Na kama skana yako ni ile nyembamba ya aina ya CIS, karatasi lazima iguse kioo kila mahali. Kunyanyuka kwa milimita chache kunatosha kuleta ukungu, basi ilaze na kitabu kizito.

Ukishapata picha, ifungue kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, nenda "Colors", kisha "Levels". Utaona grafu yenye mlima mdogo wa wino kushoto na mlima mkubwa wa karatasi kulia. Sogeza pembetatu nyeusi hadi kwenye mlima wa wino na ile nyeupe hadi kabla kidogo ya mlima wa karatasi. Kwa skani ya kawaida huwa kama 50 na 210. Usizikutanishe katikati, kwani utaua kile kijivu tulichokihangaikia.

Ndani ya Inkscape fungua "Path", kisha "Trace Bitmap", uchague "Brightness cutoff". Namba yake ndiyo mpaka wa weusi: kila kilicho cheusi kuliko hapo kinahesabiwa wino. Inaanza kwenye 0.45. Ukipandisha mistari inanenepa, ukishusha inakonda. "Speckles" hufuta madoa yenye eneo lisilozidi pikseli ulizotaja. Kwa dpi 600, punje ya vumbi ya mm 0.1 ina eneo la pikseli 4 hivi, na nukta ya kalamu yako ina karibu 17. Kwa hiyo weka 6: vumbi litaondoka na nukta zako za mchanga au povu zitabaki. "Smooth corners" iache kwenye 1. Ukiipeleka juu kabisa, hata ncha ya foromali itakuwa ya mviringo.

Tukija kwenye swali lako la kupandisha na kushusha: hakuna namba moja itakayoridhisha kamba na kivuli kwa pamoja. Tenganisha. Kwenye GIMP tengeneza nakala mbili za picha zenye ukubwa uleule. Katika ya kwanza paka nyeupe kila kitu isipokuwa maeneo ya kivuli. Katika ya pili fanya kinyume, ukiacha pikseli chache zipandane mpakani. Tresi ya kivuli kwa 0.40 na ya kamba kwa 0.55. Kwa kuwa ukubwa ni mmoja, zikipangwa kona kwa kona zitakaa mahali pake. Kisha unganisha kwa "Union". Mchoro wenye kazi nyingi unaweza kudai maeneo matatu au manne, na hapo ndipo subira inapolipa.

Mwenye kompyuta inayokwama kwa picha kubwa anaweza kuiacha Inkscape kando na kutumia Potrace yenyewe, injini ya Peter Selinger ya mwaka 2001 ambayo Inkscape inaitumia kwa ndani. Hifadhi picha kama PGM (faili la picha ya kijivu), kisha andika kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri:

mkbitmap -n -s 2 -t 0.45 jahazi.pgm -o jahazi.pbm
potrace -s -t 20 jahazi.pbm -o jahazi.svg

Amri ya kwanza inaikuza picha mara mbili kwa kutumia kijivu cha kingo, ndipo inaigawa nyeusi na nyeupe. Ya pili inatresi. Namba ya vumbi (-t ya amri ya pili) imekuwa 20 kwa sababu picha ikikuzwa mara mbili, eneo la kila punje huongezeka mara nne.

Sina skana, nina simu tu. Nikipiga picha ya mchoro wangu, upande mmoja unakuwa na kivuli, na nikitresi upande huo unageuka mweusi wote. (Mchoraji wa mabango, Mwanza)

Inawezekana, ila ukubali kupiga picha zaidi ya moja. Kamera ya megapikseli 12 inatoa pikseli 4000 kwa 3000. Ukiijaza A4 nzima humo unapata kama dpi 340 tu, na hapo ni kama hakuna pikseli iliyopotea pembeni. Piga robo nne za karatasi, kila moja ikipandana kidogo na jirani yake, nawe utafika karibu na dpi 600. Simama mbali kidogo na tumia lenzi ya kukuza badala ya kuisogeza simu karibu. Lenzi pana hupinda mistari iliyonyooka karibu na kingo, na robo zako zitakataa kuungana. Piga barazani mchana, mahali pasipo jua la moja kwa moja. Usitumie flashi. Laza karatasi chini ya kioo safi ikiwa imejikunja, mradi kioo kisiakisi anga.

Kivuli cha upande mmoja kina dawa nzuri kuliko kuhangaika na "Levels". Ukimaliza kupiga mchoro, usisogeze chochote: weka karatasi tupu ya aina ileile mahali palepale, piga tena. Kwenye GIMP iweke picha ya karatasi tupu juu ya picha ya mchoro, iongezee ukungu kidogo kwa "Gaussian Blur", na ubadili hali ya leya (tabaka) hiyo kuwa "Divide". Mwanga usio sawa unajifuta wenyewe, karatasi yote inakuwa nyeupe.

Kama picha ilishapigwa na karatasi tupu huna, nakili leya ya mchoro, itie ukungu wa pikseli 100 au zaidi, kisha "Divide". Hapa kuna mtego. Ukungu ukiwa mdogo, tuseme pikseli 10, maeneo makubwa meusi yatatoboka katikati na kubaki na ukingo tu, kwa sababu programu itadhani weusi ule ni kivuli cha mwanga. Ukiona nywele za mtu au shina la mti limekuwa pango, ongeza ukungu. Na epuka programu za simu za kuskani hati zinazokurudishia ukurasa mweusi na mweupe uliokwisha safishwa. Zimeshakuamulia mpaka wa weusi, na huwezi kuurudisha nyuma.

Mashine yetu ya kukata stika inapita mara mbili kwenye kila mstari wa mchoro, kushoto na kulia. Faili limetresiwa vizuri tu. Kosa liko wapi? (Fundi wa stika, Mombasa)

Pengine hakuna kosa. Kutresi kwa kawaida huzunguka wino: mstari unakuwa umbo lenye kingo mbili, kama kisiwa kirefu. Ikiwa unataka mstari wenyewe ubaki kwenye kioo cha gari kama stika, kingo mbili ndizo unazozihitaji. Shida yako itakuwa unene: utepe chini ya mm 1 hunyanyuka unapong'oa mabaki, kwa hiyo nenepesha mistari kabla ya kukata.

Ikiwa unataka mashine ishike kalamu na kuchora, au leza ipite mara moja tu, hapo unahitaji mstari wa katikati. Inkscape inao tangu toleo la 1.0 la mwaka 2020, kwa jina "Centerline tracing", na CorelDRAW inao ndani ya PowerTRACE. Huku mambo yanageuka: azimio dogo, yaani dpi chache, ni bora. Mstari wa pikseli 3 hadi 5 hutoa uti ulionyooka. Mstari wa pikseli 15 hutoa uti wenye vitawi pembeni, kwa kuwa kila kifundo cha ukingoni kinazaa tawi. Punguza picha kabla ya kutresi.

Tarajia hasara tatu. Unene wa mstari unaopanda na kushuka unapotea kabisa. Maeneo meusi yaliyojaa yanabaki uti mmoja, basi yatoe na uyatresi kwa njia ya kawaida. Na mistari inapokatizana kama alama ya X, programu huigeuza kuwa Y mbili zilizoshikana kwa kijistari kifupi. Hizo hurekebishwa kwa mkono, nodi kwa nodi (vitone vinavyoshika umbo la mstari), na kwenye mchoro wa wavu au mkeka ni kazi ya siku nzima. Kwa mkeka tungechora upya.

Na ukitaka kupunguza nodi kwa Ctrl+L ndani ya Inkscape, usichague mchoro wote. Nguvu ya amri hiyo hutegemea ukubwa wa ulichochagua. Ukichagua mchoro mzima, macho na vidole huyeyuka. Chagua sehemu ndogo, bonyeza mara moja, tazama.

Tunatengeneza milango ya kuchonga. Nina mchoro wa zamani wa kizingiti cha juu, una yungiyungi na mnyororo, karatasi imekuwa manjano. Nikiutresi, maua ya kushoto hayalingani na ya kulia, na mashine ya CNC (inayochonga kwa kuongozwa na kompyuta) inaacha kona butu. (Seremala, Zanzibar)

Manjano kwanza: skani kwa rangi, kisha tumia chaneli nyekundu (sehemu nyekundu ya rangi za picha) peke yake. Karatasi iliyokauka manjano na madoa ya kahawa huwa meupe kwenye chaneli nyekundu na meusi kwenye ya bluu. Kinyume chake, mchoro uliotangulizwa kwa penseli ya bluu nyepesi husafika kwenye chaneli ya bluu.

Maua hayalingani kwa sababu hata karatasini hayakulingana. Mkono wa binadamu haurudii sawasawa, na jicho husamehe. Vekta haisamehi, hasa ikikatwa kwenye mbao. Usitresi kizingiti chote. Chagua yungiyungi lililotoka vizuri kuliko yote, tresi nusu yake tu hadi mstari wa katikati, igeuze kama kwenye kioo, unganisha. Fanya hivyo kwa pete moja ya mnyororo, kisha irudie kwa nafasi zilizopimwa. Mfaa na miimo nayo ifuate njia hiyo. Utapata faili jepesi, na fundi mwingine akitaka mlango mpana zaidi ataongeza pete bila kunyoosha maua.

Kona butu ni ya chombo, haitoki kwenye faili. Bisu la mviringo la mm 3 haliwezi kuacha kona ya ndani yenye nusu kipenyo chini ya mm 1.5. Tumia bisu la V. Kwa V ya nyuzi 60, kina cha mfereji ni upana mara 0.87, hivyo mfereji wa mm 4 unashuka mm 3.5; kwa nyuzi 90, kina ni nusu ya upana. Hakikisha njia zote zimefungwa, maana njia iliyo wazi hata kwa nywele huifanya programu ya kuchonga iruke umbo zima. Kona chache za ndani kabisa zimalizie kwa patasi. Mlango wa Zanzibar uliopita chini ya patasi hujulikana, na ni vizuri hivyo.

Nabuni kanga na fulana. Nikitresi mchoro wa rangi nne, kati ya rangi na rangi kunatokea uwazi mweupe, na fulana zikichapwa mistari myembamba haitoki. (Mbunifu, Dar es Salaam)

Dada, usitresi rangi. Tresi wino mweusi peke yake, kisha chora rangi chini yake kwa maumbo ya kawaida. Kila rangi iingie chini ya weusi kwa mm 0.3 hadi 0.5, kwa sababu fremu za kuchapia hazikai sawasawa kila safari na kitambaa huvutika. Njia ya haraka ni kuliwekea umbo la rangi mstari wa nje wa rangi ileile wenye mm 0.8: nusu yake, mm 0.4, inatoka nje. Chapa rangi nyepesi kwanza, nyeusi mwisho.

Mistari isiyotoka inatokana na wavu wa fremu ya kuchapia. Wavu wa 43T una nyuzi 43 kwa sentimita, yaani uzi mmoja kila mm 0.23; mstari mwembamba kuliko nafasi mbili za nyuzi, kama mm 0.46, unaweza kuangukia juu ya uzi ukakatika. Kwa 77T kikomo hicho kinashuka hadi mm 0.26 hivi. Kumbuka pia kupunguza: kalamu ya mm 0.25 kwenye A3, ikichapwa kwa A5, imekuwa mm 0.125. Amua ukubwa wa kuchapa kabla ya kuchagua kalamu.

Kwa kanga, mji utresi wote. Pindo chora kipande kimoja na kona moja tu. Tuseme kanga ni sm 150 kwa 110 na kona ni sm 15 kila upande: zinabaki sm 120 na sm 80, kwa hiyo kipande cha sm 10 kitaingia mara 12 na mara 8 bila kukatwa. Jina liandike kwa fonti au lichore peke yake. Usiliache ndani ya picha inayotresiwa, herufi zitachakaa.

Mchoro wa uso kwa penseli, nimetresi, faili limefika MB 60 na kompyuta ya mchapaji imeganda. (Msomaji, Nairobi)

Mchoro wa penseli wenye kivuli laini hauna mistari ya kufuata. Una punje za unga wa penseli juu ya vinyweleo vya karatasi, na programu imezitresi punje hizo moja moja. Uache uwe picha: kijivu, dpi 300 kwa ukubwa wa kuchapwa. Mchapaji hatakuuliza vekta iko wapi. Ukiitaka kwa lazima, weka karatasi ya kutresia juu, pitisha wino, kisha rudi kwenye jibu la mwanafunzi wa Tanga.

Nikituma SVG kwa mchapaji, inafunguka ikiwa na ukubwa mwingine. (Msomaji, Dodoma)

SVG, faili la vekta, inaweza kuhesabu kwa pikseli, na programu hazikubaliani inchi moja ina pikseli ngapi. Inkscape yenyewe ilikuwa na 90, ikahamia 96 kuanzia toleo la 0.92, nyingine hutumia 72. Weka ukurasa kwa milimita na utume pia PDF. Pembeni mwa mchoro acha mraba wa mm 100 kwa 100, mwambie mchapaji aupime kwa rula kwenye karatasi ya majaribio, kisha aufute.